Matundu ya Nyumba: Shajara ya Ganjoni, 2024

Jumapili, 4 Februari 2024

Kaskazi ingali inavuma na usiku haulaliki kwa joto. Leo nimeizunguka nyumba nzima na tochi, penseli na daftari hili, natafuta matundu. Nyumba hizi za zamani za Ganjoni, zile ambazo hazijabomolewa zikawa maghorofa, ziliezekwa vigae vya Mangalore vilivyokuja kwa meli kutoka Bara Hindi. Kigae kinalalia kigae kwa mdomo tu, bila simiti, na hiyo ndiyo siri ya ubaridi wetu: joto la darini linapata pa kutokea. Wanaotushauri tung'oe vigae tuweke mabati hawajalala chini ya bati mwezi wa pili. Lakini papitapo hewa hupita na wenye miguu, na wenye mabawa.

Penseli ni ya kupimia. Kipanya hupenya tundu la milimita 6, kwa hivyo penseli ikiingia, naye ataingia. Panya wa darini, yule mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, anataka nafasi kubwa zaidi kidogo, na kupanda hakumsumbui. Huja kwa tawi la mwembe, kwa waya wa stima, kwa bomba la maji ya mvua.

Niliyoyaona: bomba la maji machafu linapotoka ukuta wa jikoni, aliyelipitisha alichonga duara kubwa kuliko bomba lenyewe. Chini ya mlango wa uani vinapita vidole viwili. Fasia bodi ya upande wa barabara imeoza pembeni, na ukutani chini yake pana michirizi ya kahawia na vinyesi vidogo vyeusi. Nimekiponda kimoja kwa kijiti, kikawa unga unaometameta. Ni maganda na mabawa ya wadudu yaliyosagwa. Kinyesi cha panya hakisagiki hivyo. Hapo ni pa popo.

Nikavuta kiti nje kabla ya adhana ya magharibi. Jua lilikuwa linashukia upande wa Kilindini walipoanza kutoka, mmoja mmoja, kisha watatu kwa pamoja, wakijiachia kama hatua mbili chini kabla ya kukunjua mabawa. Wote kwenye pembe ile ile. Hilo tu ndilo nililotaka kulijua leo: mlango wao ni upi.

Jumatano, 14 Februari

Asubuhi popo mmoja alikuwa sakafuni ukumbini. Nilivaa glovu za kufulia, nikamfunika kwa kopo, nikapitisha kadibodi chini yake. Mkono mtupu haumgusi popo, hata anayeonekana mzima. Kichaa cha mbwa kina ndugu zake, na baadhi yao huishi kwa popo.

Kabla ya kumpandisha juu ya ukuta nilimtazama vizuri. Uzito wake hauwezi kuzidi gramu 12. Manyoya ya kahawia iliyoiva, masikio mapana yaliyoinama mbele, midomo ya mikunjo, na mkia uliotokeza nje ya utando kwa nusu ya urefu wake. Huo mkia ndio unaomtambulisha. Ni wale popo wadogo wala wadudu wanaopenda kukaa chini ya vigae na mabati katika miji yote ya pwani hii. Aliponasa ukutani alipanda kwa vidole gumba vya mabawa, kwa bidii kubwa, mpaka akapata kimo cha kujitupa.

Watu huwachanganya na popo wa matunda, wale wakubwa wenye uso mrefu wanaokula kungu na mapera usiku na kutema makapi kwenye kuta. Doa la makapi hayo halitoki kwa sabuni. Hao hawaingii darini. Huning'inia barazani, chini ya kipenu, wakimaliza tunda walilolichuma kwingine, na anayetaka wahame huwaondolea kitu cha kushika: boriti iliyo wazi huzibwa kwa ubao laini, basi.

Mama ameniuliza popo wananikosea nini. Nimemwambia harufu, na michirizi ukutani. Hakujibu, na kwa Mama kunyamaza si kukubali.

Jumapili, 25 Februari

Leo maji. Mfereji hutoka siku utakayo wenyewe, kwa hivyo kila nyumba hapa ina pipa, madumu na tangi, na anayekosa hununua kwa mwenye mkokoteni. Hatuwezi kuishi bila kuweka maji. Na mbu wa homa ya dengi haombi zaidi ya hayo: maji safi, yaliyotulia, kivulini.

Mombasa ilipigwa na dengi mwaka 2013 na baadaye tena, na mwisho wa 2017 mpaka 2018 ikaja chikungunya. Mama aliipata hiyo ya pili. Miaka imepita na bado asubuhi hawezi kufungua kopo la chai mpaka vidole vipate joto. Kwa hivyo sifanyi mzaha na pipa.

Mbu huyu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni huuma mchana, chandarua cha kulalia hakimhusu. Tena hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima usugue ndani ya pipa kwa brashi, mzunguko mzima. Nimesugua yote, nikamkatia kila moja kipande cha wavu wa mbu na kukifunga kwa mpira wa baiskeli. Tangi la juu kifuniko kilipasuka zamani. Nimeagiza kingine. Vyungu vya asumini nimevitoa visahani.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi mosi Ramadhani. Jikoni moto mpaka usiku wa manane, na wakati wa daku tena. Unga, sukari, tende, nazi zilizokunwa, mabaki ya sambusa: mwezi huu panya wa mtaa mzima wanajua nyumba zetu kwa harufu.

Mama hana habari na penseli yangu, lakini ana desturi yake tangu tukiwa wadogo. Kabla ya kulala vyombo vyote hufunikwa, hata visivyo na kitu, na milango hufungwa kwa bismillahi. Ni maagizo ya Mtume (S.A.W.), yamo katika hadithi sahihi: kufunika vyombo, kufunga mdomo wa kiriba, kufunga milango na kuzima taa, kwa kuwa panya huweza kuuburura utambi akawachomea watu nyumba wakiwa wamelala. Nilikuwa nikiisikia hadithi hiyo kama adabu ya usiku. Leo, nikiwa nimeinama chini ya meza na tochi, naisikia kama maneno ya mtu anayeijua nyumba na anayeijua njaa ya panya. Siku hizi panya haburuti utambi, hutafuna ganda la waya wa umeme darini, na moto ni ule ule.

Nimehamisha unga na sukari kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana. Mabaki ya futari hayalali jikoni tena: yanagawiwa, au yanatoka.

Jumamosi, 23 Machi

Yule mwuzaji wa dawa amepita tena na kipaza sauti chake, panya, mende, kunguni, viroboto, sauti ile ile iliyorekodiwa inazunguka kutwa kutoka Mbaraki mpaka kwetu. Nilimwita nikaiona pakiti. Karatasi imekunjwa, ndani punje za waridi. Haina jina la kemikali, haina tarehe, haina nambari ya usajili. Nikamrudishia.

Jirani mmoja alinunua. Sijui tarehe aliyoimwaga, ila Jumatano mchana paka wa kahawia, yule aliyekuwa akilala juu ya mashine ya cherehani ya Mama bila kufukuzwa, alikutwa chini ya ngazi ya nyuma. Puani damu. Hakuwa wa mtu. Sote tulimlisha, na nusu ya panya wa uwanja huu walikuwa kazi yake.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya akiila leo hafi leo, huchukua siku kadhaa akizunguka, akizidi kuwa mzito wa mwendo, na mnyama mzito wa mwendo ndiye anayekamatwa kwanza. Paka humla. Bundi humla. Sumu inahamia tumboni mwa yule yule aliyekuwa akitupunguzia panya. Kuna babewatoto mmoja anayetua usiku kwenye mwembe wetu, mweupe wa uso, na najua watu wanamwogopa, wanasema ameleta msiba. Mimi ningeomba akae. Tangu Jumatano namsikilizia, na moyo hautulii mpaka nimsikie.

Jana baada ya tarawehe nilimwendea jirani. Ni mtu mzima, nikamwamkia kwanza, tukauliziana hali na saumu. Nikamwambia, "Mzee wangu, yule paka amekufa."

Akasema amesikia, na akaniuliza, "Sasa mwanangu, niwaache panya wanile?"

Swali la haki. Mjukuu wake aliamka juzi na jeraha la meno kidoleni. Sikuwa na la kumjibu kwa maneno, nikamchukulia mitego miwili ya waya, ya kubana, na kipande cha nazi iliyochomwa kidogo motoni. Nazi ya kuchoma panya haachi. Tuliitega pamoja, kando ya ukuta, mdomo ukielekea ukutani, kwa kuwa panya hapendi kukatiza katikati ya chumba, hutembea huku masharubu yakigusa ukuta. Punje za waridi alizokusanya tumezitia kwenye chupa, tukaifunga.

Alfajiri mitego yote miwili ilikuwa imefanya kazi.

Jumapili, 14 Aprili

Idd imepita, fundi amekuja. Ni seremala anayejua nyumba za zamani. Amewahi kubadilisha boriti Mji wa Kale na anajua kwa nini wazee walijengea mikoko na chokaa: mti wa mkoko uliokomaa mchwa huuchelewa sana. Tulianza na rahisi. Duara la bomba la jikoni tumelishindilia sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, kisha simiti juu yake. Simiti peke yake panya huitoboa ikiwa mbichi, lakini hawezi kutafuna chuma. Mlango wa uani umepata ubao chini, na ubao umepata bati. Tawi la mwembe limekatwa, lisilikaribie paa.

Kisha akapanda darini kuangalia fasia bodi, na nikamsikia akiita. Nilipanda hadi nusu ya ngazi. Kwenye makutano ya boriti na ukuta, pale penye joto, popo walikuwa wamebanana, na kati yao vitoto vyekundu visivyo na nywele, vimeng'ang'ania. Masika yameanza na wadudu ni tele, ndio wakati wao wa kunyonyesha.

Fundi alisema hiyo ni kazi ya dakika kumi: povu la kuzibia, au dawa ya kupuliza. Mama alikuwa chini ameshika ngazi. "Mwanangu, hao wana wana," akasema. "Wangoje wakue kwanda. Ziba ndia ikiwa haina mtu."

Ni huruma, na ni akili pia. Ukiziba leo, mama zao watakuwa nje wakila, na vitoto vitafia ndani juu ya vitanda vyetu. Harufu tutaishi nayo miezi, na nzi, na mama wenyewe watahangaika kutafuta tundu jingine mpaka waingie vyumbani. Pembe ya popo tumeiacha. Fundi amefunga kila pengine kwa kofi-trei, ule wavu wa chuma wa matundu madogo, aliokuwa ameununua Mwembe Tayari. Wamebakishiwa mlango wao mmoja.

Jumapili, 5 Mei

Mvua, mvua. Kimbunga Hidaya kimefika Mafia jana na huku kwetu mawingu hayajaachana. Vigae vitatu vimesogea, vimerudishwa.

Jana usiku kumbikumbi walijaa kwenye taa. Tulizima zote za mbele tukaacha moja uani juu ya beseni la maji, wakaenda huko. Asubuhi sakafu mabawa matupu. Hawa ni wa kutazamwa, si wa kufagiwa tu: kila jozi iliyoangusha mabawa inatafuta mahali pa kuanzisha kichuguu. Nimekuta mfereji wa udongo ukipanda nyuma ya kabati la vitabu vya Baba, mwembamba. Nimeubomoa kipande nione kama watauziba, maana wakiuziba wako hai. Fundi ataangalia sakafu. Kabati limesogezwa mbali na ukuta na miguu yake imewekwa juu ya matofali.

Jumapili, 26 Mei

Nimetoka Diani kwa wifi yangu. Shida zao ni kubwa kuliko zetu: kima. Wanaingia jikoni mchana kweupe, mmoja akiwa mlinzi juu ya ukuta, wengine wakifungua makabati. Wifi amenionyesha grili za dirisha, nondo imara kabisa, zingemzuia mwizi yeyote. Kima mkubwa hapiti. Mtoto wake anapita, na anajua la kufanya akishaingia.

Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa huko Diani mwaka 1997 kwa ajili ya mbega, ndilo lililotundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kugongwa. Kwa wenye nyumba maelezo yao hayana siri: usiwalishe, funga mapipa, weka wavu. Wifi amefanya yote matatu. Lakini nyumba ya jirani ni ya kupangisha wageni, na kila mgeni anataka picha na kima mwenye ndizi mkononi. Kima aliyepewa ndizi hapa haoni kwa nini asiichukue pale. Wifi alisema hili kwa uchungu, kwa sababu anawapenda. Anajua pia kwamba kima akimng'ata mtoto, atakayelipa ni kima.

Jumanne, 18 Juni

Idd ya kuchinja, na kunguru wamejaa. Matumbo na ngozi zilizotupwa mtaroni zimewaleta kutoka pande zote, ukuta wa shule mweusi kwa kunguru. Mmoja aliingia dirishani jikoni Mama akiwa amegeuka, akatoka na kipande cha ini kutoka kwenye bakuli.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe, ambaye sasa humwoni kisiwani ila kwa bahati. Huyu mgeni hula mayai na makinda ya kila ndege. Nilipokuwa mdogo chozi walikuwa wakijenga kwenye mkomamanga wetu. Mkomamanga upo.

Mwezi huu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, imetangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu maalumu iitwayo Starlicide inayotiwa kwenye nyama. Nimeifikiria sana, mimi niliyerudisha pakiti ya yule mwuzaji. Naona tofauti. Hii imeundwa kwa ajili ya ndege wa namna hii, huvunjikavunjika mwilini mwa kunguru, na anayeitega anatakiwa kwanza kuwazoesha na kuhakikisha ni kunguru tu wanaokula pale. Ndege wetu hawawezi kujitetea wenyewe. Nauunga mkono mpango huo, ingawa kifo cha ndege milioni si jambo la kulisemea haraka.

Lakini huyu aliletwa kwa sababu ya taka, na taka ndizo zinazomweka. Milioni wakifa na mtaro ukabaki na matumbo, waliobaki watazaa. Kwa hivyo leo sisi wa nyumba nne tumetafuta kijana na mkokoteni, tumekusanya yote mtaroni, yamefukiwa na kutiwa chokaa. Dirisha la jikoni limepata fremu ya wavu inayofunguka kwa bawaba. Mama analalamika inamzuia kumwita muuza samaki. Tutaizoea.

Jumapili, 14 Julai

Kusi, anga safi, usiku wa baridi kidogo. Wiki hii nzima fundi amekuwa akipanda darini adhuhuri na tochi. Vitoto vimeota manyoya, na jana jioni tulipohesabu wanaotoka walikuwa wengi kuliko wale wa Februari, wengine wakiruka vibaya, kwa kuyumba. Baada ya kutoka kwao fundi aliangalia tena: hakuna aliyebaki akining'inia.

Leo tumetundika wavu. Ni kipande cha wavu laini wa plastiki, kimepigiliwa juu na pembeni mwa lile tundu, chini kimeachwa wazi kikining'inia kama nusu mita. Popo akitoka hutambaa chini ya wavu na kujiachia. Akirudi hutua pale pale anapopajua, juu ya wavu, na hapati pa kupitia. Hauui, haujeruhi. Unakaa hivyo siku kadhaa mpaka asitoke mtu.

Kwenye mwembe, upande usioelekea nyumba, fundi ametundika sanduku la mbao alilolitengeneza kwa mabaki, jembamba, limekwaruzwa ndani washike, wazi chini. Labda watalikataa. Mbu wa mtaa huu wanahitaji mtu wa kuwala.

Jumapili, 21 Julai

Jioni tatu mfululizo hakutoka popo. Leo fasia bodi mpya, kofi-trei nyuma yake, pembe imefungwa.

Kazi mbaya ilikuwa kusafisha dari. Kinyesi kikavu hakifagiwi hivi hivi, vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Fundi na msaidizi wake walivaa barakoa na glovu, wakanyunyiza maji kwanza mpaka pakalowa, wakazoa kwa beleshi. Magunia mawili. Mama ameyataka yote kwa bustani yake ya mchicha, nikamwambia yafukiwe kwenye mboji kwanza, yakae.

Babewatoto nimemsikia usiku wa kuamkia Ijumaa, na jana tena.

Jirani alikuja alasiri, akasimama chini kuitazama pembe mpya, akauliza fundi anadai kiasi gani. Paa lake ni la zege, halina popo. Kwake shida iko chini, mtaro wa maji machafu hauna kifuniko na mlango wa stoo umeliwa. Tumemwachia kofi-trei iliyobaki na kopo la misumari. Fundi anaanza kwake kesho saa mbili.